Nilimwaga Vumbi la Mbao Mlango wa Nyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nawasalimu ninyi mlioketi humu ndani, nawasalimu na ninyi mlio nje chini ya turubai, ambao naona jua limeanza kuwafikia miguuni. Mzee wa kanisa amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, lakini jambo hili nimekaa nalo miaka kadhaa na sijui kama litaenea humo.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Zakaria, fundi seremala, yule mwenye karakana kwenye njia ya kwenda Kaole. Kwetu ni Fukayosi, lakini kazi ilinileta huku pwani kabla sijaoa. Mke wangu Anjelina yule pale, safu ya akina mama, na aliyempakata ni Gidioni, mwanetu wa kwanza. Ana miaka minne. Sikuja kushuhudia kwamba Gidioni anatembea. Hatembei. Nalisema mapema ili asiwepo mtu anayengoja nimwite aje mbio hapa mbele.

Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye dhana mbaya. Ndugu zangu, dhana mbaya ni ugonjwa. Unakula nayo, unalala nayo, unasali nayo, na muda wote unajiona wewe ndiye mwenye macho.

Gidi alipozaliwa alichelewa kulia. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nikingoja sauti, na sauti haikuja. Nilisikia wakunga wakiitana, nikasikia viatu vinakwenda mbio, ndipo baada ya muda mrefu nikasikia kilio chembamba kama cha paka. Alikaa siku kadhaa chini ya uangalizi, tukaruhusiwa, tukarudi naye nyumbani tukimshukuru Mungu.

Miezi minne ikapita, shingo yake haijakaza. Ikafika saba, hajakaa. Ngumi zake zilikuwa zimefumbwa saa zote, kidole gumba kikiwa ndani. Maziwa yalimpalia. Ukimnyanyua alikuwa anakakamaa mwili mzima kama ubao, kisha anakulegea mikononi kichwa kikidondoka nyuma. Mama yangu alipiga simu kutoka Fukayosi akaniuliza swali moja tu: siku mlipomleta nyumbani, nani alikuwa wa kwanza kumpokea?

Aliyempokea alikuwa Bi Tatu.

Bi Tatu ni jirani yetu wa nyuma. Ni mama mtu mzima, Mzaramo, Mwislamu, mjane anayeishi peke yake na kusuka mikeka ya ukili. Mlango wake wa nyuma na wetu inatazamana, katikati pana kiwanja kidogo cha kuanikia nguo. Siku ile alikuja na mafuta ya nazi, akampokea mtoto, akamtazama kwa muda mrefu. Gidi alipofika miezi mitatu, kabla mimi sijaona kasoro yoyote, alimwambia mke wangu ampeleke mtoto hospitali akatazamwe, maana hakupenda anavyokaza mgongo.

Hapo ndipo nilipoanzia. Nilijiuliza amejuaje. Sisi wazazi hatujaona kitu, yeye ameona. Nikasema moyoni kwamba anayeujua ugonjwa kabla haujatokea ndiye aliyeutuma.

Mwaka ule ulifanyika mkutano wa injili, na mhubiri mgeni akasema kwamba yupo mtu pale ambaye adui yake yuko karibu na mlango wake. Hakuninyooshea kidole wala hakunijua jina. Tulikuwa watu wengi uwanjani. Mimi mwenyewe ndiye niliyelichukua lile neno nikaenda nalo nyumbani, nikaligongomea kwenye mlango wa Bi Tatu.

Nikamwambia Anjelina kwamba kuanzia siku ile mama yule asimguse mtoto, na mtoto asitoke nje. Nikamhamishia Gidi chumba cha nyuma, juu ya godoro, pazia limeshushwa. Niliamini namlinda. Alikuwa akilala chali kutoka asubuhi mpaka nirudi kutoka kazini, akitazama dari. Nilimwekea mikono nikamwombea kila siku, na katika siku hizo zote sikujiuliza hata mara moja mtoto huyu anashindaje.

Na sasa nasema lile ambalo wengine wenu mnalikumbuka. Nilisimama hapa, kwenye maombi ya Jumatano, nikawaomba mniombee dhidi ya mama mmoja jirani yangu anayesuka ukili. Sikumtaja jina. Hapakuwa na haja. Mliniombea kwa moyo wenu wote, na siwalaumu. Lakini yale maneno hayakubaki humu. Yalifika karakana yangu kabla yangu, yakafika vijiweni, na wiki haikuisha. Alasiri moja nilikuwa napiga randa ubao wa mninga, nikasikia mawe yanaanguka juu ya bati. Nilijua ni bati la nani. Nilijua na kwa sababu ya nani. Ndugu zangu, niliendelea kupiga randa.

Kesho yake tulikutana kwenye kiwanja cha nyuma. Nilikuwa nimeshaacha kumwamkia. Yeye aliyenipita umri kwa miaka mingi ndiye aliyeanza, akanijulia hali. Nikapita kama vile sijasikia.

Gidi alipokaribia mwaka na nusu nilianza kuona mambo. Nikimbusu kichwani nilisikia harufu ya mafuta ya nazi, na ndani kwetu mafuta ya nazi yalikuwa yamekwisha. Pindo la kanga ya mke wangu lilikuwa na vumbi jekundu la barabarani, siku ambayo aliniambia hakutoka. Kisha jioni moja nilimnyanyua mtoto, na kichwa hakikudondoka. Kiliyumba, kikasimama.

Mzazi mwingine angepiga magoti akashukuru. Mimi nilishtuka. Nilijiuliza nani amempa nguvu hizi, na amechukua nini badala yake. Nilipomuuliza Anjelina alijibu kwamba mtoto anakua, akainamia sufuria asinitazame.

Basi nikafanya kazi ya upelelezi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Asubuhi kabla ya kutoka nilikuwa namwaga vumbi laini la mbao kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, namwaga kidogo, lionekane limeletwa na viatu vyangu. Mchana narudi kutazama. Kila siku nilikuta nyayo mbili: ndala za mke wangu, na mguu mdogo usio na kiatu, wa Bi Tatu, ukiingia na kutoka. Siku ya Jumanne nyayo za mke wangu zilitoka asubuhi, zikarudi mchana. Nilimwaga vumbi wiki tatu. Jumanne tatu zilikuwa sawasawa.

Ndipo nikapekua. Anjelina alikuwa dukani, nikavuta kikapu chake chini ya kitanda. Ndani nilikuta kitu cha kitambaa kilichoviringwa, kinene kama mkono wangu huu, kimeshonwa ncha zote mbili. Pembeni yake palikuwa na vitambaa viwili vyembamba vya kanga vyenye kamba, na nilipovipima vikawa kadiri ya viganja vya mwanangu. Nikasema, kumbe ndivyo wanavyomfunga.

Nikachukua kisu nikakichana kile kitambaa. Nilitafuta nywele, nilitafuta mifupa, nilitafuta karatasi yenye maandishi. Nilikuta sufi na matambara. Na bado sikutulia! Nikasema wamekwisha kuvitoa vile vyenyewe. Mnaona dhana mbaya inavyofanya kazi? Nikikuta kitu, ni ushahidi. Nisipokuta, ni ujanja wao. Hakuna kitu ambacho kingeweza kumtetea yule mama mbele yangu.

Nikavichoma vyote nyuma ya nyumba pamoja na masalia ya mbao. Anjelina aliporudi alikuta moshi. Alisimama pale, akatazama, akaniambia neno moja.

"Ungeniuliza, Zakaria."

Nikamjibu kwamba nilimuuliza, akanidanganya. Hakubisha. Siku zile zilizofuata tuliongea habari za chumvi na maji tu.

Jumanne iliyofuata niliaga kama kawaida, nikaazima baiskeli ya fundi mwenzangu, nikasimama barabarani kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, nikijifanya nachagua bawaba. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ninayenunua kwake siku zote, aliniuliza mara mbili kama ni bawaba za mlango au za kabati, nami macho yangu yalikuwa barabarani. Bajaji ikapita. Ndani yake alikuwa mke wangu amempakata Gidi, na kando yake Bi Tatu.

Nikapanda baiskeli. Mfukoni mwa begi langu palikuwa na patasi. Sikuitia kwa ajili yao, ndimo inamokaa siku zote. Lakini mbele za Mungu nakiri kwamba njia nzima nilikumbuka kuwa imo.

Nilitarajia wakunje kona kuingia vichakani. Hawakukunja. Waliingia mjini Bagamoyo, wakapita sokoni, wakaingia kwenye zahanati. Hata pale sikuamini. Nilisema moyoni kwamba siku hizi hawa watu wana wenzao kila mahali. Waliuzunguka ukuta wakaingia chumba cha mwisho, nami nikaenda kusimama dirishani, penye wavu, upande wa kivuli.

Chini palikuwa pametandikwa mikeka. Wamekaa wanawake saba au wanane, wengine kwa mabuibui, wengine kwa vitenge, na kila mmoja ana mtoto. Na watoto wote, ndugu zangu, walikuwa kama Gidi. Ngumi zile zile. Shingo zile zile. Mama mmoja nilimsikia akisema ametoka Miono alfajiri. Nilikuwa nimeamini kwamba mwanangu yuko peke yake duniani, kwamba amechaguliwa na adui. Sasa nikawatazama wale wote, na kwa mara ya kwanza akili yangu ikaniuliza swali la maana: je, na hawa, kila mmoja amerogwa na Bi Tatu?

Dada mmoja aliyevaa koti jeupe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimlaza Gidi kifudifudi juu ya taulo lililokunjwa. Akamuuliza mke wangu uko wapi ule mto waliomshonea wa kuweka chini ya kifua, na vile vitambaa vya kumfumbua ngumi.

"Vimeliwa na panya," Anjelina alisema.

Nikamsikia anavyonificha aibu. Bi Tatu aliinamisha kichwa, naye hakunisema. Yule dada akauliza kama baba yake mtoto anasaidia nyumbani, na mke wangu akajibu kwamba baba yake ni fundi, ana kazi nyingi, lakini anampenda sana mwanawe.

Wakaendelea. Yule dada alisema tatizo ni upande wa kushoto, mtoto hataki kabisa kugeukia huko, na asipogeuka shingo itakaza kwa upande mmoja. Walimchezea njuga, hakugeuka. Bi Tatu alimwita kwa majina ya kubembeleza, hakugeuka. Na mimi nilikuwa nimesimama upande huo huo wa kushoto, na kifua changu mnakijua, vumbi la mbao halinipi raha. Nikabanwa. Nikakohoa.

Gidi alinyanyua kichwa. Kilitetemeka, kikapanda, kikaanza kugeuka kidogo kidogo mpaka uso wote ukawa unatazama dirisha. Akaniona. Akacheka mdomo wazi, mate yanamtiririka.

Yule dada akauliza ni nani yuko pale nje.

"Ni baba yake," Bi Tatu alisema, kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa akinitarajia tangu asubuhi.

"Basi aingie. Wiki tatu mtoto anatugomea upande huu. Baba, vua viatu, njoo ukae hapa, uongee naye."

Niliingia. Begi niliacha nje. Nikakaa mkekani katikati ya wanawake, nikamwita mwanangu, naye akageuka tena, na tena.

Msidhani niliamini hapo hapo. Nilimhoji yule dada kama polisi. Nilimuuliza wanataka nini kwetu, kwa nini wanaandika majina, mazoezi yale hayatamvunja mtoto mifupa? Alinijibu bila kukasirika. Alisema ugonjwa unaitwa mtindio wa ubongo, kwamba ubongo wa Gidi ulipata madhara, na inaelekea ni pale alipochelewa kupumua, na hakuna dawa ya kuyafuta. Lakini alisema watoto wawili wenye madhara yaleyale wanaweza wakafika mbali tofauti. Inategemea ubongo umeumia kiasi gani, ndiyo. Inategemea pia wameanza mapema au wamechelewa, anakula akashiba au chakula kinampalia, degedege limetibiwa au limeachwa. Na zaidi inategemea nyumbani, anakaa vipi, analazwa vipi, anatolewa nje akachezeshwa au anashinda chali akitazama dari.

Aliposema dari nilimtazama Anjelina. Alitikisa kichwa, hakuwa amemwambia. Neno lilikuja tu.

"Mimi namwona saa moja kwa wiki," alisema. "Saa zote zilizobaki ni zenu."

Nikamuuliza kama atatembea.

"Sijui, Baba Gidi."

Ndugu zangu, neno hilo ndilo lililonifungua. Kwa muda wote ule kila mtu alikuwa anajua. Mama yangu alijua, mafundi wenzangu walijua, mimi mwenyewe nilijua kuliko wote. Huyu aliyesomea ndiye wa kwanza kuniambia hajui. Nikasema, mtu huyu hanidanganyi.

Tulipotoka, Bi Tatu alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akingoja bajaji. Nilikaa mwisho wa benchi. Ni yeye aliyeanza kuongea, akitazama mbele.

"Nilikuwa na binti, Hadija. Alikuwa hivi hivi. Niliambiwa ametupiwa kitu, nikamfungia chumbani watu wasimwone. Miguu ikakaza, ikapishana kama mkasi, hata kumvisha nguo ikawa kazi. Alifikisha miaka tisa, akafa. Uliponipa wako siku ile, nilimjua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenisikia?"

Nililia, wanaume wenzangu. Nililia pale kwenye benchi watu wanapita. Kisha nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba. Bajaji ikaja, nami nikafuata nyuma kwa baiskeli.

Wiki ile nilipanda kwenye nyumba yake nikabadilisha mabati yaliyotoboka, mchana kweupe, kila apitaye anione. Pazia la chumba cha nyuma nikaliondoa. Nikamtengenezea Gidi kiti chenye mbavu na meza ndogo ya mbele. Cha kwanza nilikitengeneza kwa macho, kikawa kipana, mtoto akalalia upande. Yule dada akanifundisha kupima nyonga, kupima paja, kuhakikisha nyayo zinakanyaga ubao. Cha pili kikamfaa. Alipoanza kulishwa akiwa amekaa wima, chakula kikaacha kumpalia, akaanza kupata mwili, na mwili ulipokuja na nguvu za mazoezi zikaja. Dawa ya degedege aliyoandikiwa pale zahanati anameza bila kukosa. Jioni ni zamu yangu ya kumnyoosha miguu, na mke wangu anapumzika.

Leo Gidi anakaa bila kushikwa. Anajiburura kwa tumbo mpaka kwenye mlango wa karakana. Akishika ukingo wa benchi langu la kazi anasimama kwa muda, magoti yakigombana. Anasema baba, anasema maji, anasema sitaki. Huenda siku moja atatembea, huenda asitembee. Namshukuru Mungu kwa huyu huyu niliye naye.

Na msinione nimepona kabisa. Mwezi uliopita Bi Tatu alimletea uji, na kabla ya kumnywesha mkono wangu ulichukua kijiko ukaonja. Sikuupangia, ulikwenda wenyewe. Yeye aliona. Akaniuliza kama sukari imetosha. Nikasema imetosha, mama, na uso wangu ukawaka moto. Kwa hiyo bado naomba. Niombeeni.

Lakini lile ombi la Jumatano ile nalifuta leo, mbele ya madhabahu, kwa sauti ile ile niliyoliombea. Bi Tatu hana kosa. Aliyelipeleka neno langu nje, alirudishe. Atakayekutana naye njiani, amwamkie kama anavyomwamkia mama yake.

Nashukuru mmenivumilia. Nina neno la mwisho, kisha nakaa. Humu ndani yupo mzazi ambaye nyumbani kwake kuna chumba kisichofunguliwa dirisha. Najua, kwa sababu najua jinsi anavyokaa anaposikia habari hizi. Sitamtazama. Ndugu yangu, dada yangu, Mungu hakuonei haya wewe wala mtoto wako. Mwamini, na umlete mtoto nje kwenye jua. Jumanne saa mbili asubuhi bajaji inapita mbele ya karakana yangu. Tumezoea kubanana. Tutasogea.